Watoto wa Shule ya Msingi Wanasemaje Kuhusu Kujifunza Sayansi kwa Mbali? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walimu wanaoniuliza maswali yaleyale kila shule zinapofungwa ghafla, au kila linapokuja suala la vipindi vya redio, runinga na simu. Mimi ni mwalimu wa Sayansi na Teknolojia shule ya msingi. Niliyoandika hapa yametokana na yale watoto wenyewe wamenieleza, kuanzia kipindi cha korona mwaka 2020 na baada yake, na mengine nimeyaona kwenye madaftari yao. Hutakuta asilimia. Utakuta wanachosema, na pale ninapokubaliana nao nitasema hivyo.

Kujifunza kwa mbali ni kupi hasa? Mbona shuleni kwetu hakuna kompyuta?

Mtoto aliyekaa mbele ya kompyuta akizungumza na mwalimu wake mubashara ni wa familia chache sana hapa kwetu. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Katika miezi hiyo, watoto wengi wa Tanzania waliosoma chochote walisoma kwa redio na runinga, kupitia vipindi vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilivyorushwa na TBC na vituo vingine. Wengine walitazama katuni za Ubongo Kids, ambazo zilikuwa hewani tangu 2014. Wengine walipata kazi kupitia kundi la WhatsApp la wazazi, na wengine waliletewa karatasi za maswali zilizotolewa kopi. Zote hizo ni kujifunza kwa mbali.

Kenya nao walifunga wiki hiyohiyo, wakategemea redio za KBC na chaneli ya Edu ya taasisi yao ya mitaala, KICD. Gredi ya 4 na Darasa la 8 walirudi Oktoba 12, 2020, wengine wakasubiri hadi Januari 4, 2021. Uganda ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, maana kuna madarasa ambayo hayakurudi kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Ukisikia maoni ya mtoto kuhusu jambo hili, kwanza uliza alikaa nyumbani muda gani. Aliyekosa shule kwa muhula mmoja na aliyekosa karibu miaka miwili hawazungumzii kitu kimoja.

Kwa kifupi, walipenda au hawakupenda?

Walipenda kuona vitu kwa karibu. Hawakupenda kukosa kuvishika, wala kukosa mtu wa kumuuliza papo hapo.

Wanalalamikia nini zaidi?

Kuuliza. Wazazi wengi hudhani lalamiko kubwa litakuwa bando au umeme kukatika, na kweli hayo yapo. Lakini watoto wa darasa la tano na la sita niliozungumza nao walirudi mara kwa mara kwenye jambo moja: kipindi kinaendelea hata kama wewe umeachwa. Mwalimu wa runinga anasema mmea hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Mtoto anajiuliza, sasa usiku mmea unakula nini? Akiendelea kuwaza hilo, mwalimu ameshafika kwenye klorofili, na mtoto hasikii tena. Darasani angenyoosha mkono, au angemgusa mwenzake wa jirani.

Huyo mwenzake wa jirani ni muhimu kuliko tunavyomchukulia. Watoto wengi waliniambia kuwa sayansi wanaielewa wakibishana. Kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea? Wakiwa wanne, mmoja atasema ni uzito, mwingine atakataa, wa tatu ataleta bakuli la bati na kulielesha. Akiwa peke yake mbele ya redio, mtoto hana wa kumpinga, kwa hiyo hulibeba jibu kama lilivyo.

Lalamiko la pili ni kuelezwa jaribio badala ya kulifanya. Wanasema inachosha. Na ni kweli inachosha: kumweleza mtoto kwa maneno kwamba sumaku huvuta chuma na haivuti shaba, wakati kwenye spika mbovu ya redio pale nyumbani kuna sumaku nzuri kabisa, ni kumnyima sehemu tamu ya somo bila sababu yoyote.

La tatu ni kukemewa. Mtoto anayejaza maji kwenye glasi na kuweka yai ndani, akiongeza chumvi kidogo kidogo ili aone litaelea lini, kwa macho ya mtu mzima aliyechoka anachezea chumvi. Nyumba nyingi zinamtaka mtoto anayesoma awe ameinamia daftari. Watoto waliniambia waliacha kufanya majaribio kwa kuogopa kugombezwa, si kwa kukosa vifaa. Mzazi, hili liko mikononi mwako kabisa.

Kuna chochote walichokipenda kuliko darasani?

Kipo, na walimu wenzangu tukisikilize bila kukasirika.

Watoto kadhaa walisema runingani ndiko walikoona kwa mara ya kwanza kile walichokuwa wakikisoma. Darasa la watoto themanini au zaidi, mwalimu akiwa na betri moja, glopu moja ya tochi na kipande cha waya mbele ya ubao, aliyekaa dawati la nyuma huona migongo ya wenzake. Runingani sakiti ileile ilijaa kioo kizima. Kwa hiyo tunapodai kwamba kujifunza kwa mbali kumewaondolea watoto vitendo, tukumbuke kuna watoto ambao darasani pia hawakuwa na vitendo. Wao wanalinganisha kutazama kwa mbali sana na kutazama kwa karibu, na hawakosei kuchagua karibu.

Jambo jingine ni kurudia. Aliyekuwa na video kwenye simu aliweza kuirudisha nyuma hadi aelewe, bila mtu kumcheka. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na safari yake ndefu kutoka mdomoni hadi utumbo mpana, ulipendwa sana kwa sababu hiyo. Redio haina uwezo huo: kikipita kimepita.

Pia kuna watoto wakimya. Nina wanafunzi ambao muhula mzima hawanyooshi mkono, lakini walipopewa nafasi ya kutuma ujumbe wa sauti kwa simu ya mama walimwaga maswali. Hawa hawakutamani sana kurudi kwenye utaratibu wa mkono juu, na sioni kwa nini tuwalazimishe kwa njia hiyo moja tu.

Je, majaribio ya sayansi yanawezekana kweli nyumbani?

Yanawezekana, na yapo yanayofanyika vizuri nyumbani kuliko shuleni. Nitatoa mifano miwili kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watoto walionyesha hamu kubwa.

Wa kwanza ni mshumaa kwenye sahani ya maji. Unausimamisha mshumaa katikati ya sahani, unamimina maji kiasi, unauwasha, kisha unaufunika kwa glasi. Mshumaa unazimika na maji yanapanda ndani ya glasi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba oksijeni imetumika ikaisha na maji yamechukua nafasi yake. Mtoto mmoja wa darasa la sita alilifanya nyumbani, mama yake akiwa pembeni. Kwa kuwa hakuna kengele ya kumkimbiza, akarudia kwa mishumaa miwili, halafu mitatu. Kila alipoongeza mshumaa, maji yalipanda juu zaidi. Akatuma swali: glasi ni ileile na hewa iliyomo ni ileile, kama ni oksijeni tu, mbona maji yamezidi?

Swali hilo linayavunja maelezo yaliyozoeleka. Moto huipasha hewa ndani ya glasi, hewa hupanuka, na sehemu yake hutoroka chini ya ukingo, ndiyo maana ukitazama vizuri utaona mapovu. Mshumaa huzimika kabla oksijeni yote haijaisha. Kisha hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na mgandamizo wa hewa ya nje huyasukuma maji kuingia. Mishumaa ikiwa mingi joto huwa kubwa, hewa inayotoroka huwa nyingi, na maji hupanda zaidi. Mtazame mtoto anayefuatilia kwa makini: atakwambia maji yalipanda kwa kasi baada ya moto kuzimika. Katika kipindi cha dakika arobaini, jaribio hili hufanywa mara moja, jibu likaandikwa ubaoni, tukaendelea na somo.

Mfano wa pili unahitaji umbali wenyewe. Chomeka fimbo wima ardhini, mita 1 ibaki juu ya ardhi, pima kivuli chake kila baada ya dakika chache mchana, na andika kile kilichokuwa kifupi kuliko vyote. Fanya hivyo karibu na Juni 21, jua linapokuwa limekwenda kaskazini kabisa. Mtoto wa Mwanza atapata kama sentimita 49, karibu saa 6:50 mchana. Mtoto wa Songea atapata kama sentimita 68, karibu saa 6:40. Siku ni moja, fimbo ni sawa, lakini kivuli hakilingani, wala saa hailingani. Tofauti ya urefu inatokana na Songea kuwa kusini zaidi, na tofauti ya dakika inatokana na Songea kuwa mashariki zaidi. Darasa lililokaa chumba kimoja haliwezi kupata vipimo hivi. Binamu wawili wenye simu za kitochi wanaweza.

Hapo ndipo nilipo na maoni makali kidogo: tatizo la masomo ya mbali ya 2020 lilikuwa kujaribu kuhamishia ubao nyumbani. Watoto walikuwa wamezungukwa na moto, maji, chumvi, mbegu, vivuli, kuku na wadudu, nasi tukawaambia wakae wasikilize. Karibu kila kitu walichokisifu ni kile kilichowapa kazi ya kufanya kwanza na maelezo baadaye.

Redio inaweza kufundisha sayansi bila picha?

Inaweza, ikijua kunyamaza. Mbinu ya redio inayomuuliza mtoto, ikampa muda wa kujibu au kutenda, kisha ikaendelea, ilianza Nicaragua miaka ya 1970 kwa somo la hisabati. Zanzibar waliitumia katika vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa awali na wa madarasa ya chini, na watoto waliimba, wakaruka, wakahesabu mawe huku redio ikiwaongoza. Sayansi inafaa sana kwa mtindo huo: weka kiganja mbele ya mdomo, puliza, umehisi nini? Sasa fungua mdomo wazi upumue polepole, kuna tofauti gani? Kipindi kinachosoma kitabu kwa sauti kwa dakika thelathini, watoto hukizima, na hilo walinieleza bila kuzunguka.

Nina simu moja tu, na huwa naondoka nayo asubuhi. Nifanyeje?

Hali hii ni ya nyumba nyingi, na watoto wanaijua vizuri: simu inarudi na baba saa mbili usiku, ina chaji kidogo, kaka wa kidato cha nne ana mtihani, na mdogo anasinzia. Usijilaumu. Sayansi ya shule ya msingi haihitaji simu kila siku. Usiku, soma swali moja tu kwenye kundi la wazazi na umwachie mtoto. Kesho yake mchana aangalie, apime, achore. Jioni lipige picha daftari na uitume, au usitume, alipeleke daftari mwenyewe shule zikifunguliwa. Mbegu kumi za maharage kwenye kitambaa chenye unyevu zinatosha wiki nzima: tano gizani, tano mwangani. Zote zitaota, kwa kuwa mbegu haihitaji mwanga ili iote, lakini baada ya siku kadhaa miche ya gizani itakuwa mirefu, myembamba na ya njano. Mtoto atakuwa na cha kuuliza.

Na walimu tupunguze video nzito. Picha moja na ujumbe wa sauti wa dakika moja hufika kwa watu wengi zaidi kuliko video ya dakika ishirini.

Wasichana na wavulana wanaona sawa?

Kuhusu somo lenyewe, sijaona tofauti. Kuhusu muda, tofauti ni kubwa na wasichana huitaja waziwazi. Kipindi cha saa nne asubuhi kinawakuta kisimani, cha jioni kinawakuta jikoni, na mtoto mchanga yuko mgongoni. Shuleni walikuwa na saa zisizoguswa na mtu, nyumbani saa hizo zikayeyuka. Ukipanga ratiba ya mtoto wa kike, anza na kazi za nyumbani: zigawe upya, hata kaka yake achote maji, ndipo uzungumzie kipindi.

Je, mzazi amfundishe mwenyewe?

Kaa naye, usimfanyie. Walimu tuliletewa majibu mazuri mno yaliyoandikwa kwa mwandiko wa watu wazima, na watoto wenyewe walikiri kuwa hawakuyaelewa. Usipojua jibu, mwambie tuangalie. Watoto walifurahia sana kugundua kitu pamoja na mzazi ambaye naye hakukijua.

Usalama je?

Moto, maji ya moto na wembe: lazima mtu mzima awepo. Umeme wa ukutani haufai kwa jaribio lolote la mtoto, atumie betri ndogo za tochi. Betri ya gari aiache kabisa, ina asidi. Asilitazame jua moja kwa moja, hata anapopima kivuli. Jiko la mkaa lisitumike ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake huua.

Nitajuaje mtoto anachofikiri kweli, na siyo anachodhani nataka kusikia?

Swali zuri sana. Watoto wetu wamelelewa kwa heshima, na ukimuuliza umeelewa, jibu ni ndiyo mwalimu, ndiyo mama. Hadanganyi, anakuheshimu. Kwa hiyo swali libadilike. Muulize ni sehemu gani ya kipindi iliyomchosha. Muulize, kama wewe ndiye ungetengeneza kipindi hiki, ungeondoa nini, ungeweka nini? Muulize wenzake wanasemaje, kwa sababu mtoto husema kwa wepesi maoni yake akiyaweka kinywani mwa mwingine.

Wa darasa la kwanza hadi la tatu wachore. Waambie wachore wanavyojifunza sayansi nyumbani, kisha waeleze mchoro. Nimepata michoro ambayo redio ni kubwa na mtoto ni mdogo amekaa kona, na mingine ambayo mtoto yuko shambani na daftari, redio haionekani kabisa. Ukiona hivyo, usimwambie inamaanisha nini. Muulize yeye.

Darasani tumia vikaratasi visivyo na majina, na usitambue mwandiko hata kama unaujua. Kisha, na hili ndilo linalosahaulika, warudishie majibu: mlisema vipindi ni virefu, tumevifupisha. Wasipoona kitu kimebadilika, mara ya pili wataandika ndiyo mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na somo lake mwenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia.

Watoto waliogopa kufeli mtihani?

Wa darasa la nne na la saba ndiyo, kwa sababu ya mitihani ya kitaifa. Wa madarasa mengine walikuwa na hofu ndogo, na ndio waliofanya majaribio mengi.

Shule zipo wazi sasa. Kwa nini bado tuzungumzie hili?

Kwa sababu shule hufungwa tena. Mwaka 2024 Kenya iliahirisha kufungua muhula wa pili hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko, na kila masika kuna kijiji ambako daraja likienda na maji, mtoto hafiki shuleni. Lakini hata bila janga, kuna mambo watoto waliyoomba yaendelee. Waliomba kazi za uchunguzi za nyumbani badala ya kunakili maswali kumi ya kitabu. Waliomba ruhusa ya kuuliza kwa kuandika au kwa sauti iliyorekodiwa. Waliomba video irudiwe darasani mara mbili, na kusimamishwa katikati ili wabishane. Mwalimu mwenye simu yake na spika ndogo anaweza kuanza na hilo la mwisho wiki hii, kwa darasa lililogawanywa makundi manne, kundi moja likitazama na mengine yakiwa nje na fimbo zao yakipima vivuli.